Mtoto wa miaka 11 na programu za ujumbe: tumchagulie ipi, na tumsimamie vipi?

#1 MamaWawili (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu ana miaka 11 na yuko darasa la sita. Baba yake anafanya kazi Dubai, na kwa miaka miwili wamekuwa wakionana kwa simu kila Ijumaa baada ya Isha. Mwezi uliopita baba mtu alimtumia kutoka huko Dubai simu janja aliyokuwa akiitumia mwenyewe, nami nikamsajilia laini kwa kitambulisho changu cha NIDA, kwa sharti kwamba simu hiyo ni ya kuzungumza na baba, bibi na shangazi, basi. Sharti halikumaliza wiki mbili.

Jumapili usiku nilikuwa nakunja nguo chumbani kwao, simu ikawaka juu ya godoro. Ilikuwa namba ngeni isiyo na picha, imeandika: "Umelala? Mbona hujibu? Mimi ni rafiki yake kaka yako." Binti yangu hana kaka. Nilipofungua nilikuta mazungumzo ya siku tisa: ya mwanzo yalihusu hesabu za sehemu, ya katikati yalikuwa ya kumsifia, na ya mwisho alikuwa anaombwa atume picha akiwa amevaa sare ya shule. Hakutuma. Nilipomuuliza mtu huyo ameipata wapi namba yake, akanionyesha kundi la WhatsApp la darasa ambalo watoto wameliunda wenyewe. Darasa lao lina wanafunzi 52. Kundi lina watu 143.

Nimemzuia mtu yule, na simu nimeiweka kabatini. Baba yake anasema kosa ni la WhatsApp, kwa hiyo tumhamishie Telegram au tutafute programu ya watoto. Dada yangu anasema kosa ni langu kwa kutosoma ujumbe wake kila siku. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: ipo programu ambayo mtoto wa umri huu anaweza kuzungumza na watu wake bila kufikiwa na kila mtu? Na je, ni sawa kusoma kila anachoandika? Nauliza kwa sababu tangu Jumapili hasemi nami vizuri, na hilo linaniuma kuliko yote.

#2 FundiTabata

Pole sana, dada. Nimeshika bisibisi kwa miaka 14, na wazazi wenye shida kama yako nawapokea mezani mara kwa mara.

La kwanza, usiyafute mazungumzo yale. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, kisha mripoti ndani ya programu yenyewe. Watu hudhani kwamba kwa kuwa WhatsApp imesimbwa tangu 2016, yaani ujumbe unasomeka na wanaoandikiana tu, kuripoti hakusaidii kitu. Ukweli ni kwamba ukiripoti, simu yako hupeleka kwa kampuni ujumbe wa mwisho aliokutumia mtu huyo, usiozidi mitano.

La pili, mtoto akishaingizwa kundini, namba yake inasomeka na kila aliyemo, na namba ndiyo mlango. Fungua Mipangilio, kisha Faragha, kisha Vikundi. Utakuta imeandikwa "Kila mtu", maana yake yeyote mwenye namba yake anaweza kumtia kwenye kundi lolote. Weka "Waasiliani wangu". Hapohapo kwenye Faragha, picha yake na muda aliokuwepo mtandaoni visionekane kwa mtu asiyehifadhiwa, na upande wa Simu washa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Hiyo ipo tangu 2023. Ni kazi ya dakika tatu. Katika simu za watoto ninazozishika, ni chache mno ambazo nimekuta mzazi ameifanya.

#3 KongweWaIlala

Mama, nakupa pole, lakini tusizunguke. WhatsApp ni ya kuanzia miaka 16, na wameandika wenyewe kwenye masharti yao. Ulivunja masharti kabla mtu yule hajaandika neno.

#4 WakiliMdogo

Mzee wangu Kongwe, shikamoo. Hapo umetuletea sheria ya Ulaya huku mama yuko Morogoro. Miaka 16 ilikuwa kwa watumiaji wa Ulaya tu, kuanzia 2018, na Aprili 2024 wakaishusha ikawa 13. Huku kwetu sharti limekuwa 13 wakati wote huo. Mtoto wa miaka 11 bado yuko chini ya umri, kwa hiyo hoja yako inasimama, tarakimu ndiyo imekosea.

Naomba niongeze jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Miaka 13 haikupangwa na wataalamu wa malezi kama umri wa mtoto kupevuka. Inatokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi, na kampuni nyingi ziliona ni rahisi kuandika "hatupokei walio chini ya 13" kuliko kutafuta ridhaa hiyo. Kwa hiyo siku mtoto anapotimiza miaka 13 usidhani kuna mtu amempima akamwona yuko tayari. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ya hapa kwetu, mtoto ni mtoto mpaka atimize miaka 18.

#5 Kijana_wa_Data

Mimi nakubaliana na baba. Telegram hukuruhusu kuficha namba ya simu na kutumia jina tu, kwa hiyo tatizo la namba kusambaa kundini linakwisha, na pia imesimbwa kuliko nyingine zote.

#6 NyaMombasa

Kijana #5, nusu ya kwanza ni kweli, ya pili sivyo. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayasimbwi kutoka mwisho hadi mwisho. Yanakaa kwenye seva zao. Kwa upande wa ujumbe, kinachosimbwa hivyo ni yale "mazungumzo ya siri" peke yake, nayo ni mpaka mtumiaji ayafungue kwa makusudi, na hayafanyi kazi katika kundi.

Lakini dadangu MamaWawili, usimbaji siyo wa kukuhangaisha kwanza. Kundi la Telegram linaweza kuwa na watu 200,000, na kuna makundi na chaneli za wazi ambazo mtu yeyote huzipata kwa kutafuta neno. Huku Kenya tumeona kilichowafika vijana wa kidato cha nne: chaneli zinawauzia karatasi za mtihani, mtoto anatuma pesa, halafu chaneli inafutwa. Mambo yalifika mahali ambapo Telegram ilikwama nchini wakati wa KCSE, mtihani huo wa kidato cha nne, wa Novemba 2023, na mwaka 2024 mamlaka ya mawasiliano ikaziambia kampuni za simu ziizuie kipindi cha mitihani. Mwana wa dada yangu alikuwa mmojawapo wa waliotuma pesa, na alizitoa kwenye akiba ya nauli yake ya muhula mzima. Kumtoa mtoto wa miaka 11 kwenye kundi la watu 143 na kumpeleka huko ni kumtoa kichochoroni na kumwacha stendi.

#7 BabaKulthum

Nimesoma yote kwa heshima. Binti yangu ana miaka 12 na ana kitochi. Anapiga, anapigiwa, na ujumbe anautuma wa kawaida. Betri inakaa siku nne. Akitaka kuona sura ya babu yake aliye Tanga, anatumia simu yangu, sebuleni, mimi nikiwa nimekaa palepale. Tunahangaika kutafuta mipangilio ya kufungia mlango ambao hatukulazimika kuufungua.

#8 MamaWawili

Asanteni nyote. Fundi, picha za skrini nimepiga na mipangilio nimeibadilisha. Kweli ilikuwa "Kila mtu".

Baba Kulthum, nakuelewa, ila mimi nafanya kazi kwa zamu hospitalini. Ijumaa nyingi saa hiyo ya baba yake nakuwa kazini, naye mtoto yuko kwa bibi. Kitochi hakina video, na mtoto ambaye hajamwona baba yake kwa miezi kumi anataka kumwona. Tena Falme za Kiarabu zimezuia simu za sauti na video za WhatsApp, kwa hiyo wao hutumia Botim. Mwanzoni ilikuwa Botim peke yake. WhatsApp aliiweka mwenyewe, wenzake walipomwambia kuwa kazi za nyumbani zinapitia huko.

#9 BintiChakeChake

Dada, huko Uarabuni ndugu zetu wengi wanatumia Botim na imo, nasi tunazitumia kwa kuwa ndizo zinazopatikana, wala hatukuzichagua kwa usalama. Zikague kama unavyoikagua WhatsApp: nani anaweza kumtafuta, nani anaweza kumwandikia, na je, inamwonyesha watu asiowajua? Mpwa wangu alikuwa anatumiwa maombi ya urafiki na watu wazima kwenye programu moja ya simu za video, na sisi tulikuwa tumekaza macho kwenye WhatsApp tu.

#10 MbongoWaOhio

Salamu kutoka Columbus. Nizungumzie hiyo "programu ya watoto", kwa sababu wanangu wawili wameitumia.

Messenger Kids ilianza hapa Marekani Desemba 2017, imekusudiwa watoto wa miaka 6 hadi 12, haina matangazo, na mtoto hahitaji namba ya simu. Mzazi anaisimamia kutoka kwenye akaunti yake ya Facebook: hakuna jina linaloingia kwenye orodha ya mtoto mpaka mzazi alikubali, na mzazi anaweza kuona mtoto amezungumza na nani na picha zipi zimepita. Kwa mtoto wa miaka saba ilitufaa.

Sasa kasoro zake. Mwaka 2019 iligundulika kuwa watoto waliweza kuingizwa kwenye mazungumzo ya kundi pamoja na watu ambao wazazi wao hawakuwakubali, yaani lile hasa ambalo programu iliahidi kulizuia. Walirekebisha, lakini mimi niliacha siku hiyo kuamini kwamba neno "watoto" kwenye jina linatosha. Kasoro ya pili ni yetu sisi: binamu zao wako Arusha, na ili wazungumze ilibidi mama mkubwa afungue Facebook, amfungulie mtoto, amkubali huyu na yule. Alichoka siku ya pili. Programu salama ambayo shangazi hana ni chumba kizuri kisicho na mgeni.

#11 MzeeWaSayansi

Ndugu wa Ohio, hicho chumba kisicho na mgeni ndicho ninachokitaka mimi. Kwa wajukuu zangu tumetumia Signal kwa mwaka mmoja na nusu. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, haina matangazo, haina chaneli za wazi wala sehemu ya kutazama watu usiowajua, na tangu 2024 mtu anaweza kutumia jina huku namba yake ikifichwa. Asiyekufahamu akikuandikia, ujumbe wake unakuja kama ombi, na mtoto tumemfundisha kwamba ombi huonyeshwa mtu mzima kabla ya kulijibu.

Faida yake kubwa kwa hapa kwetu ni kwamba wanafunzi wenzake hawamo. Tuko watu tisa wa ukoo, basi.

#12 Kijana_wa_Data

Mzee, nakuheshimu, ila Signal nayo inataka miaka 13. Na siku darasa zima likihamia Signal, hoja yako itakuwa imekwisha.

#13 MzeeWaSayansi

Ni kweli kwa yote mawili. Ndiyo maana akaunti tumefungua kwa namba za wazazi na iko kwenye simu za wazazi. Darasa likihamia huko, nasi tutahama.

#14 MwalimuZamu

Habari zenu. Nafundisha shule ya msingi mwaka wa kumi na saba, na naona tunamtafuta mtu mbaya mahali pamoja tu.

Kila mzazi anayekuja ofisini anasema "mtu asiyejulikana". Nimeshiriki mashauri matano ya namna hii pamoja na walezi na afisa ustawi, na katika manne kati ya hayo mwandishi wa ujumbe alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu: kijana wa duka la jirani, binamu, dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpeleka shule, na mvulana wa kidato cha tatu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT (mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono) na Interpol uliotolewa mwaka 2022 kuhusu Tanzania nao unaeleza kwamba watoto hudhuriwa pia na watu wanaowafahamu, si wageni tu. Mipangilio ya "Waasiliani wangu" haimzuii binamu. Signal ya watu tisa wa ukoo haimzuii mjomba. Naomba radhi kwa Mzee wa Sayansi, simtuhumu mtu wa nyumbani kwake, ila nimekaa na watoto hao na siwezi kunyamaza.

Kuhusu makundi ya darasa: walimu tunachangia kosa. Tunatuma kazi za nyumbani kwa WhatsApp kwa namba za wazazi, mzazi anampa mtoto simu ajisomee, mtoto ananakili namba za wenzake, na kundi la pili linazaliwa ambalo mwalimu hayumo. Nilipoanza kuandika kazi ubaoni na kuwataka wanakili kwenye daftari, kundi la watoto la darasa langu lilipoa lenyewe ndani ya mwezi.

#15 MamaJunior

Mwalimu, ahsante. Mimi nina jibu la swali la pili la mwenye uzi: soma. Mwanangu ana miaka 12, nimeunganisha WhatsApp yake na kompyuta yangu kwa "Vifaa vilivyounganishwa", na kila anachoandika nakiona. Yeye hajui. Hadi sasa niko salama.

#16 FundiTabata

Mama Junior, nikusahihishe kwa nia njema. Akifungua sehemu hiyohiyo ya Vifaa vilivyounganishwa, ataiona kompyuta yako imeorodheshwa kwa jina, pamoja na muda ilipotumika mara ya mwisho. Mtoto wa miaka 12 huifahamu sehemu hiyo kuliko mzazi wake. Zaidi ya hapo, ujumbe unaweza kuwekwa ujifute baada ya saa 24, picha inaweza kutumwa ya kuonwa mara moja tu, na mazungumzo yanaweza kufungiwa kwa nywila yake.

Na siyo WhatsApp pekee. Wiki iliyopita mzazi aliniletea simu ya kijana wa miaka 13 akisema haina programu yoyote ya ujumbe. Ilikuwa na Free Fire. Mle ndani kijana alikuwa na marafiki wengi wa mchezo, wanaandikiana na kuzungumza kwa sauti mpaka usiku. Pia kulikuwa na kikokotoo cha pili. Ukiandika namba fulani na kubonyeza alama ya sawasawa, kinafungua ghala la picha. Mzazi alinyamaza kimya. Nilimvutia kiti akae.

#17 Miaka19

Mimi ni miongoni mwa waliosomwa. Mama alikuwa anasoma ujumbe wangu kwa siri tangu nikiwa na miaka 13, na siku moja akataja jambo ambalo nilimwandikia rafiki yangu tu. Nilitafuta pa kujificha kama watoto anaowasema Fundi: nikahamia kwenye simu ya rafiki yangu, tukawa tunatumia akaunti moja watu wawili. Mwaka uliofuata mtu mmoja alinitisha kwa picha, na nilikaa nayo miezi mitatu bila kumwambia mama, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukiri kwamba nina akaunti ya pili.

Sisemi msiwasimamie watoto. Nasema aliye na miaka 11 aambiwe wazi: "Simu hii nitaifungua Jumamosi, tutaisoma pamoja." Angalau atajua mlango wa kumrudia mzazi uko wapi.

#18 MamaJunior

Mwanangu Miaka19, pole kwa yaliyokukuta. Nimekusoma mara mbili. Bado naamini mtoto wa miaka 12 hana siri dhidi ya mzazi, ila leo jioni nitamwambia kwamba nimeunganisha.

#19 Shemeji_wa_Kigamboni

Kwa nini mnajichosha? Wekeni Family Link ya Google. Inakuonyesha kila ujumbe, inafunga simu saa mbili usiku, na haiwekeki programu bila wewe kukubali.

#20 WakiliMdogo

Shemeji, haionyeshi ujumbe wowote. Nimeitumia kwa mdogo wangu tangu 2021. Inakuruhusu kukubali au kukataa programu kabla haijawekwa, inapanga muda wa kulala na muda wa kila programu, na inakuonyesha simu iko wapi. Maneno ya ndani ya WhatsApp haiyaoni.

Hata hivyo, kwa mama wa Morogoro hilo la kukubali programu ndilo lenye uzito. Kama ingekuwepo, WhatsApp isingeingia kwenye simu ile bila yeye kuletewa ombi, na mazungumzo haya yangefanyika nyumbani siku ile.

#21 DadaTatu

Naongeza kisa changu, kwa kuwa kila mtu anazungumzia picha tu. Mwanangu wa miaka 10 alikuwa anacheza na simu yangu, akaandikiwa kwa namba ya mama mkubwa wake: "Nimekosea, nimetuma namba sita kwenye simu ya mama, nisomee haraka." Akasoma. Ndani ya dakika kumi WhatsApp yangu ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na kufika jioni ameshakopa 180,000 kwa mashoga zangu wawili kwa kudai niko hospitali. Namba ya mama mkubwa ilikuwa imeibwa siku moja kabla, kwa njia hiyohiyo.

Mtoto alilia siku mbili akiamini ameiba pesa. Wekeni uthibitishaji wa hatua mbili, ile nywila ya tarakimu sita unayojiwekea mwenyewe, na wafundisheni kwamba namba zinazoingia kwa ujumbe hazisomewi mtu hata kama ni bibi.

#22 Muuguzi_Dodoma

Naomba nirudi kwenye mazungumzo aliyoyahifadhi mwenye uzi. Dada, yapeleke Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu, na unaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Kenya na Uganda nao wana 116 yao. Kumzuia kwenye simu ya binti yako kumemwachia wasichana wengine wote waliomo kwenye kundi lile.

Na kwa yeyote ambaye mtoto wake ameshatuma picha mbaya: msilipe, na msiitume picha hiyo kwenye kundi la ukoo ili kuomba ushauri. Nimewahi kuona baba akiisambaza kwa ndugu saba kwa uchungu tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitofautishi uchungu na nia mbaya kirahisi hivyo, na mtoto anakuwa amedhalilishwa mara ya pili na watu wake.

#23 BabaKulthum

Nimefika hapa bado nikiwa na kitochi changu mkononi, na naona kila kisa kilichoelezwa kimeanza na simu janja. Ila niseme ukweli: jana usiku, baada ya kusoma post #14, nilimuuliza Kulthum kama kuna mtu aliyewahi kumwandikia ujumbe wa kawaida usiompendeza. Alinijibu baada ya kimya kirefu kwamba yupo, na ni mtu tunayesali naye msikiti mmoja. Nimeshachukua hatua na sitaandika zaidi ya hapo. Mwalimu, Mungu akubariki.

#24 MwalimuZamu

Pole, Baba Kulthum. Umeuliza, naye amejibu. Mwambie tena leo kwamba hana kosa, na kesho umwambie tena.

#25 MamaWawili

Wakuu, narudi kutoa mrejesho.

Jumatano nilikwenda Dawati la Jinsia na Watoto na picha za skrini. Askari wa kike alinisikiliza kwa muda mrefu, akachukua namba, na akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: nani ndiye msimamizi wa kundi? Tulipoangalia, wasimamizi walikuwa sita, na wawili kati yao hawamo darasani wala shuleni. Shule imearifiwa.

Nyumbani nimeondoa WhatsApp na nimeweka Family Link. Baba yake bado anaitaka Telegram. Nimemtumia maelezo ya NyaMombasa na amesema atayasoma. Kwa sasa imebaki Botim yenye watu watatu. Simu inalala sebuleni kwenye chaja kuanzia saa mbili. Jumamosi tulikaa mkekani tukaifungua pamoja kama alivyoshauri Miaka19, na alinionyesha mwenyewe ujumbe mmoja wa zamani ambao nisingeuona, kwa kuwa ulikuwa kwenye mazungumzo yaliyohifadhiwa pembeni. Kisha akaniuliza: "Mama, na wewe utanionyesha ya kwako?" Nimemwonyesha mazungumzo yangu na bibi yake. Dada yangu anasema nimemlegeza. Sijui kama amekosea, lakini jana binti yangu alinisimulia habari za shule mpaka chakula kikapoa.

Swali langu la mwisho: bibi yake ana simu janja yenye WhatsApp, na mtoto hushinda naye Ijumaa na Jumapili. Bibi hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mjukuu ndiye anayemsomea ujumbe na kumjibia. Hapo nifanyeje?

#26 KongweWaIlala

Hapo ndipo penye kazi, mama. Kwetu pia simu ya bibi ndiyo simu ya watoto wote wa ukoo.

#27 FundiTabata

Dada, Ijumaa nenda mapema kabla ya zamu, ukae na bibi, usimwachie mtoto aifanye kazi hii. Fungua Faragha, Vikundi, weka "Waasiliani wangu". Weka uthibitishaji wa hatua mbili, na nywila uishike wewe. Kisha pitia majina yaliyohifadhiwa moja baada ya jingine ukimuuliza bibi: huyu nani, na huyu nani? Asiyemkumbuka, futa. Mwisho, mfundishe bibi kubonyeza alama ya kipaza sauti, ili watu wake wamtumie sauti naye awajibu kwa sauti. Hatahitaji tena kusomewa. Mama yangu ana miaka 71 na alijifunza kwa siku moja.